Matanga Yakiisha, Mzazi Asiachwe Peke Yake



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za malaria, za vyoo, za maji ya kuchemsha na za chakula cha mtoto. Leo tutasoma habari za mzazi ambaye mtoto wake ameuawa. Huenda utauliza, "Hiyo ni habari ya polisi. Afya inaingiaje hapo?" Inaingia kwa sababu mzazi huyo hali chakula, hapati usingizi, na moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amekaa kitako. Wengine huugua sana, na wengine hufa. Na mara nyingi ugonjwa huja baada ya majirani kurudi makwao, siku ambazo hakuna mtu wa kumtazama.

Mambo haya yametokea katika nchi yetu, wala si mara moja. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino, wengi wao watoto, walianza kuuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wauaji walitaka viungo vyao. Waganga waongo walikuwa wamewadanganya watu kwamba viungo hivyo vinaleta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipokaa Kahama, iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua kijana wa miaka 14. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza nchini kwa mauaji ya aina hiyo. Lakini mauaji hayakukoma. Februari 2015 mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 alinyakuliwa mkoani Geita na kuuawa, na mama yake alikatwa mapanga akimtetea. Mwaka 2024 mtoto mwingine mdogo aliuawa mkoani Kagera. Watoto wasio na ualbino nao wameuawa. Januari 2019 mkoa wa Njombe ulijaa hofu kwa sababu hiyo.

Redio na magazeti hutaja mtoto aliyeuawa na watu waliokamatwa. Halafu habari hupita. Mama, baba, bibi na babu wanabaki. Hao ndio tunaowazungumzia leo.

Msiba huu una uzito wake

Mtoto akifa kwa ugonjwa, mzazi anaumia sana. Lakini alimuuguza. Alimpa maji kwa kijiko, alimfuta jasho, pengine alikuwa amemshika mkono alipokata roho. Mtoto akiuawa, mzazi hakupata nafasi hiyo. Asubuhi mtoto alikwenda kisimani, jioni watu wanakuja wakiwa kimya. Mwili unachukuliwa na polisi ili daktari auchunguze, na maziko yanangoja. Pengine mwili unarudishwa haujakamilika. Nyumba inajaa wapelelezi, na maswali yale yale yanaulizwa na watu tofauti.

Tena kuna hofu. Waliofanya hivyo wako wapi? Pengine ni wageni. Pengine ni jirani, au ndugu aliyekula nao sahani moja. Watu wanakuja kutoa pole, na mzazi anautazama kila mkono unaompa pole na kujiuliza kama ndio huo.

Mwaka 2008 mkoani Mwanza, babu mmoja alimzika mjukuu wake ndani ya chumba chake mwenyewe cha kulala. Mtoto alikuwa na ualbino, na mzee aliogopa kwamba wezi wa viungo watafukua kaburi. Familia nyingine zimemwaga saruji juu ya makaburi kwa sababu hiyo hiyo. Hebu fikiri, msomaji. Mtu mwingine akishazika huenda nyumbani kupumzika. Mzee huyu alimaliza kuzika, akaanza kazi ya kulinda.

Juu ya hayo, mzazi hujilaumu. "Ningalifunga mlango kwa gogo. Ningalikwenda naye. Kwa nini nililala?" Baba humlaumu mama, na ndugu wa mume huongeza maneno yao. Kama mtoto alikuwa na ualbino, mama husingiziwa kwamba alileta laana. Jambo hili ni lazima tulisahihishe hapa hapa. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, baba na mama, hata kama wao wenyewe wana ngozi nyeusi. Hakuna laana. Na lawama ya kifo ni ya aliyeua na ya aliyemtuma. Mwambieni mzazi maneno hayo waziwazi, na mwambieni tena wiki ijayo, maana mara ya kwanza hatayasikia.

Huzuni mwilini

Sasa tuseme na wewe uliyefiwa.

Mwili wako utafanya mambo ambayo yatakushangaza. Utasahau jina la jirani. Utasikia mtoto anakuita nje, utatoka mbio. Kifua kitabana. Chakula kitakuwa kama majivu mdomoni. Utashtuka mbwa akibweka. Hayo yote si wazimu, na huwapata wazazi wa nchi zote.

Kama mtoto alikuwa bado ananyonya, maziwa yatajaa, na hakuna jambo linalomuumiza mama kama hilo. Usifunge matiti kwa nguvu kwa kitambaa. Kamua kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, kwa sababu ukikamua yote maziwa yatazidi kutengenezwa. Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi. Polepole maziwa yatapungua na kukoma. Lakini ukiona titi limekuwa jekundu, lina joto na maumivu makali, na wewe una homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Moyo nao hupata shida. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa ambao humpata mtu baada ya mshtuko mkubwa. Sehemu ya chini ya moyo hutanuka na kukosa nguvu, na moyo huwa na umbo la chungu ambacho wavuvi wa kwao hutumia kukamatia pweza. Wengi hupona wakitibiwa. Kwa hiyo mzazi akilalamika kwamba kifua kinauma na pumzi haitoshi, msiseme "ni mawazo tu". Mpelekeni akapimwe.

Nchini Denmark wataalamu waliwafuatilia wazazi zaidi ya 21,000 waliofiwa na watoto kwa sababu mbalimbali, wakawalinganisha na wazazi wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kina mama waliofiwa walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Vifo vya ajali na vya kujiua viliongezeka hasa katika miaka 3 ya kwanza. Miaka mitatu, ndugu msomaji. Sisi matanga yetu ni siku chache, na baada ya arobaini tunaona tumemaliza.

Basi katika miezi ya kwanza, kula kidogo kidogo hata kama huna hamu. Uji una nafasi yake hapa. Kunywa maji. Kama una dawa za kila siku, za presha, za kisukari au za virusi vya Ukimwi, mwombe mtu mmoja awe anakukumbusha. Wafiwa wengi huziacha bila kujua.

Usiku ni mrefu, tunajua. Watu watakushauri ununue valiamu katika duka la dawa, au unywe gongo kidogo upate usingizi. Valiamu bila maelekezo ya daktari huzoeleka upesi, na ukiichanganya na pombe inaweza kukuua. Gongo hukulaza saa mbili, kisha hukuamsha usiku wa manane ukiwa na huzuni kubwa kuliko ya jana. Ni afadhali ulale chumba kimoja na dada au shangazi, taa ikiwaka ikibidi.

Maneno ya pole

Sasa tuwageukie majirani. Watu wetu ni hodari wa kuja msibani. Wanaleta kuni, maji, unga. Wanaume wanalala nje kando ya moto. Hilo ni jambo jema, nchi nyingine hawana. Lakini maneno yetu mengine yanachoma.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Maneno haya yanamfaa aliyefiwa na mzee wa miaka 90. Mama ambaye mtoto wake amekatwa mapanga akiyasikia, anaelewa kwamba Mungu ndiye aliyefanya. Aliyeshika panga alikuwa mtu. Kama mzazi ana imani, atasali kwa maneno yake mwenyewe, na padri, mchungaji au shehe amsikilize kwanza kabla ya kumhubiria. "Utazaa mwingine." Hata akizaa kumi, huyu aliyekufa alikuwa yeye. "Jikaze, wewe ni mwanamume." Baba anajikaza mbele za watu, halafu anakwenda kulia peke yake katikati ya mahindi, au halii kabisa, anaanza kupiga watoto.

Useme nini basi? Sema "pole" kisha ukae. Ukimya wa mtu aliyekaa karibu una faida. Taja jina la mtoto. Wengi huogopa kulitaja wakidhani watamkumbusha mzazi, kana kwamba alikuwa amesahau! Sema, "Nakumbuka siku alipomfukuza yule mbuzi mpaka shuleni." Mzazi atalia, na pengine atacheka. Usimwulize habari za majeraha. Akitaka kusema, atasema. Akirudia mara ishirini, sikiliza mara ishirini.

Njoo tena baada ya mwezi. Njoo siku ya kufungua shule, wakati watoto wa rika lake wanapita barabarani na daftari. Njoo siku aliyouawa inapotimiza mwaka. Na usije mikono mitupu ya kazi: palilia mistari miwili ya pamba, chota ndoo ya maji, peleka mbuzi malishoni. Shamba lisilolimwa mwaka huu ni njaa ya mwakani, na njaa juu ya huzuni ni mzigo usiobebeka.

"Nani amefanya hivi?"

Swali hili halimwachi mzazi. Ni haki yake kuuliza. Hasira nayo ni haki yake. Apasue kuni, alime kwa nguvu, apige kelele shambani akitaka.

Hatari huanza pale ndugu wanaposema, "Twende tukaangalie." Maana yake ni kwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hajui aliyeua. Anachofanya ni kuuliza: "Mna ugomvi na nani? Nani hakuja msibani?" Anasikiliza, anarusha vitu vyake, kisha anawarudishia jina ambalo ninyi wenyewe mmempa. Mara nyingi ni jina la bibi kizee anayeishi peke yake na ambaye macho yake ni mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu na neno la mpiga ramli. Hivyo nyumba ya pili inaanza matanga, muuaji wa kweli anatembea huru, na baba wa mtoto anakwenda gerezani. Mama anabaki bila mtoto na bila mume.

Tena kumbukeni ni nani waliosababisha watoto wenye ualbino kuuawa. Ni watu wa kazi hiyo hiyo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyo. Kwenda kwao kutafuta faraja ni kupeleka fedha yako pale pale maovu yalipotoka.

Lolote unalolijua, lipeleke polisi. Kama unaogopa kusema kijijini kwa kuwa mshukiwa ni mtu wa karibu, nenda wilayani na mtu unayemwamini, ukamwone afisa ustawi wa jamii au polisi wa wilaya.

Hatari ya mzazi kujiua

Katika wilaya za pamba, kila nyumba ina dawa ya kuua wadudu. Tunasema jambo hili wazi kwa sababu limeua watu. Mzazi akisema "heri nimfuate mwanangu", au akianza kugawa vitu vyake, au akiwa kimya ghafla baada ya siku nyingi za kilio, usipuuze. Mwulize, "Je, unafikiri kujiua?" Kumwuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango wa kusema. Ondoeni dawa ya pamba na kamba mkaziweke kwa jirani. Asiachwe peke yake, mchana wala usiku. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Huko kuna watu waliofundishwa magonjwa ya akili, na kama kuna haja watamtuma mbele zaidi.

Kulia mwaka mzima hakumfanyi mtu kuwa mgonjwa. Lakini orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu Januari 2022, imetaja huzuni iliyozidi kiasi kuwa ni ugonjwa wa kutibiwa. Wanatazama kama imepita miezi 6 au zaidi, imevuka desturi za maombolezo za watu wa mahali pale, na mtu bado hawezi kufanya kazi, kula wala kujiunga na wenzake. Dawa kubwa ya ugonjwa huo ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtu aliyefundishwa. Nchini Zimbabwe tangu mwaka 2006 bibi wazee wa mitaani wamefundishwa kazi ya kusikiliza. Hukaa na watu wenye majonzi juu ya benchi la mbao karibu na zahanati, na imeonekana kwamba huwasaidia wengi. Mabibi tunao, na mabenchi seremala wetu anaweza kutengeneza.

Watoto waliobaki

Mtoto mwingine wa nyumba hiyo ataanza kukojoa kitandani, au kukataa shule, au kumng'ang'ania mama mchana kutwa. Asipigwe. Anaogopa kwamba zamu yake inakuja. Msimwambie kwamba nduguye "amesafiri", kwa kuwa atamngoja, na siku akijua hatawaamini tena. Mwambieni ukweli kwa maneno machache: watu wabaya wamemuua, tumemzika, wewe tunakulinda, na hivi ndivyo tunavyokulinda. Kisha mwonyesheni kwa kweli: nani atampeleka shule, nani atalala mlangoni. Kama mtoto aliye hai ana ualbino, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji waambiwe siku hiyo hiyo. Mtoto akiwa hatarini, simu ya kupiga ni namba 116.

Njia ya mahakamani

Kesi ya mauaji huchukua muda. Husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini kwanza hutajwa na kuahirishwa mara nyingi katika mahakama ya chini wakati upelelezi ukiendelea. Mzazi husafiri, hungoja juani, kisha huambiwa arudi tarehe nyingine. Na siku akiitwa kutoa ushahidi, hueleza yote upya, mshtakiwa akiwa amesimama mita chache tu mbele yake. Usiku wa siku hiyo usingizi hukimbia kama mwanzo.

Kijiji kinaweza kupanga zamu ya kumsindikiza. Mtu mmoja aende naye, mwingine abaki na watoto. Muulizeni mwendesha mashtaka kesi imefikia wapi, maana mzazi ana haja ya kujua. Na mshtakiwa akihukumiwa, msishangae kama mzazi hatafurahi. Wengine husema walidhani siku hiyo ndipo watapumua, kumbe wamerudi nyumbani wakakuta kitanda kile kile kitupu.

Mzazi kwa mzazi

Mwaka 1978 katika mji wa Cincinnati, Marekani, Charlotte na Robert Hullinger, ambao binti yao alikuwa ameuawa, waliwakusanya wazazi wengine wenye msiba kama wao. Walikuwa wamechoka kuambiwa wasahau. Walitaka kuongea na mtu ambaye hataogopa machozi yao. Chama chao kipo hadi leo. Mwaka huo huo wa 1978 hapa kwetu kilianzishwa chama cha watu wenye ualbino, nacho kimekuwa mahali ambapo wazazi wenye msiba huu wanaweza kukutana na wenzao. Kama wilayani kwako kuna mzazi mwingine aliyepata msiba kama wako, uliza nauli ni kiasi gani umwendee. Hatakuwa na dawa, lakini hutalazimika kumweleza kila kitu.

Mjini Sengerema kuna mnara wa ukumbusho wenye sanamu ya baba aliyembeba mtoto mwenye ualbino mabegani, na mama akimvisha mtoto kofia pana ya kumkinga na jua. Hapo yameandikwa majina ya watu wenye ualbino waliouawa na waliojeruhiwa. Mzazi anaweza kusimama pale, akatafuta kwa kidole, akasoma.

Si kila mtoto atajengewa mnara. Lakini wewe umejifunza kuandika. Chukua daftari, na andika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha siku unapoweza, andika sentensi moja: alizaliwa mvua gani, alipenda mboga gani, alikuwa akimwita nani kwa jina la utani. Usiandike jinsi alivyokufa, kama hutaki. Hayo polisi wameyaandika. Kama mkono unatetemeka, mwalimu wa kisomo akuandikie, nawe usome polepole kuona kama ndivyo ulivyosema. Daftari lifungwe katika mfuko wa plastiki, liwekwe juu, mbali na mchwa.